Oveni Isiyo na Taa

Wifi yangu alikuwa na oveni ya kutunzia masufuria. Ukifungua mlango wake unakuta sufuria kubwa chini, ndogo ndani yake, vifuniko vimesimamishwa ubavuni, na nyuma kabisa bati la keki limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ukimwuliza kwa nini oveni nzima imefanywa kabati, anakujibu kwa upole kwamba imeharibika, na mwenyewe amesema isiguswe, atakuja kuitengeneza.

Huyo mwenyewe ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Nimembeba mgongoni akanilowesha nguo, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nitakayoyasema juu yake hapa nina haki ya kuyasema. Mtu wa nje akimsema nitamrukia. Mimi niacheni.

Wifi mwenyewe inabidi nimweleze vizuri, maana ni mtu wa kupita pembeni, unaweza kukaa naye benchi moja usimwone. Mtaani wanamwita Dobi. Anapiga pasi katika duka la kufulia nguo nyuma ya kituo cha mafuta, kazi ya kusimama kutwa nzima kwenye mvuke, na shati likipita mikononi mwake linarudi limenyooka hadi unaogopa kuketi. Hana maneno mengi. Pasi zikifa pale dukani yeye ndiye anayezifungua, kwa sababu mwenye duka ni mkono wa birika na hamwiti fundi mpaka aone moshi.

Walijuana kwa sababu ya shati. Mdogo wangu alikuwa na shati moja la maana, la bluu, akawa analipeleka kupigwa pasi kila baada ya siku mbili hata kama hajalivaa. Wakati huo tulikuwa tunaishi naye nyumba moja, nikamwuliza, "Wewe, hilo shati lina homa?" Akacheka tu. Mwishowe Dobi ndiye aliyechoka. Akamwambia, "Kaka, hili halina mkunjo hata mmoja. Sema ulichokuja kusema." Akasema. Wakaoana.

Binti yao alipoanza kutembea, mdogo wangu akaipata oveni ya umeme kwa watu waliokuwa wanahama. Akaipandisha ngazi na rafiki yake hadi ghorofa ya pili, njia nzima wakitukanana. Ilikuwa oveni ya kizamani, mlango wa kioo kizito, ndani haina taa. Basi wifi akiingiza keki, mume wake anakaa sakafuni na tochi, anamulika kwenye kioo kama mlinzi wa ghala, mtoto kampakata. "Mama, njoo uone, inaumuka!" mdogo wangu anaita. Na wifi anasema, "Usifungue mlango, itabonyea." Nilikuwa nikienda kwao Jumapili nawakuta wote watatu wako chini, nyuso zimeelekea kwenye kioo, na mimi mgeni nimesimama mlangoni na mkoba wangu, hakuna wa kunipokea. Nilinuna, lakini nilinuna kwa raha.

Kisha akapata kazi nje ya nchi, kuendesha kreni. Wiki ile anafunga mizigo, oveni ikazima. Koili ya chini, ule waya mnene unaotoa moto, iliungua ikakatika katikati. Aliichungulia na tochi yake akasema, "Usimpe fundi yeyote aje kuichokonoa. Nikirudi likizo nakuja na koili, naifunga mwenyewe." Wifi akaitikia kwa kichwa. Baada ya kumsindikiza akaingiza masufuria humo, kwa muda tu.

Likizo ya kwanza alikuja, koili akaisahau. Ya pili alikuja na zawadi za kila mtu, hata mimi nikapata saa ya mkononi, koili hakuna. Baada ya hapo likizo zenyewe zikaanza kukwama, mara mkataba, mara msimamizi mpya, mara kreni imeharibika na hakuna mwingine wa kuisimamia. Simu hakuacha kupiga, kila Ijumaa, na matumizi hakuacha kutuma. Hilo siwezi kumnyima. Na kwenye simu alikuwa hodari wa kulalamika. Analala kambini, wanaume wamebanana chumba kimoja, chakula ni cha kupanga foleni, kupika ni marufuku, hata birika la chai hawaruhusiwi kwa sababu wenye kambi wanaogopa moto. "Nina hamu na keki yako, mke wangu," anamalizia. Wifi akilisikia hilo neno hamu, wiki nzima anapiga pasi nguo za watu huku anatabasamu ndani ya mvuke. Nimemwona kwa macho yangu.

Sasa tuna hili neno letu, bado. Sisi hatupendi kusema hapana. Muulize kikongwe asiye na jino hata moja kama amewahi kupanda ndege, atakwambia bado, kana kwamba tiketi iko mfukoni. Wifi yangu aliishi ndani ya neno hilo. Chini ya ghorofa yao kuna duka, na muuza duka ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna kufuli. Kila asubuhi akimpimia sukari anamwuliza, "Mwenyewe karudi?" "Bado." "Na oveni je, imepona?" "Bado." Wanacheka wote wawili, ndiyo imekuwa salamu yao. Nikiwa nimesimama pale nilikuwa natamani kumtia yule bwana mzani wake mdomoni.

Mwaka huu binti akamaliza masomo ya uuguzi. Baba yake akaapa kwamba kwenye sherehe yake hakosi. Wifi akapaka rangi sebule, akabadilisha mapazia, akanunua shati jipya la bluu, akalipiga pasi na kulitundika kwenye mlango wa kabati la jikoni ambako hakuna vumbi. Sherehe ni Jumapili. Ijumaa simu ikaja. Msimamizi amemzuilia pasi ya kusafiria, mpaka mwezi ujao, au ule mwingine. Mkewe anashinda na pasi mkononi kutwa nzima, ya kwake yeye haipatikani.

Binti hakulia. Alisema tu, "Mama, mimi sikumbuki oveni hii ikiwaka. Nakumbuka tochi." Akachukua begi lake akaenda kulala kwa wenzake chuoni.

Jumamosi asubuhi nikaenda kusaidia kukatakata vitunguu vya sherehe. Nikakuta masufuria yote yako kitandani.

"Wifi, unahama?"

"Natengeneza oveni."

Nikadhani mzaha. Lakini alikuwa amefunga kitambaa kichwani, swichi kuu ameshaizima, waya wa oveni ameuchomoa ukutani, na oveni yenyewe ameivuta mbele. Pembeni kuna bisibisi mbili, koleo, kopo dogo la mafuta ya cherehani na rundo la vibanio vya nguo. Nikamwuliza vibanio vya nini, tunaanika? Akasema ningeona.

"Wewe unaijua oveni?"

"Naijua pasi. Hii ni pasi iliyofungiwa kwenye sanduku."

Akanipa tochi nimulike. Koili imeshikiliwa nyuma kabisa na kibati chenye skrubu mbili. Ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili imeliwa na kutu, bisibisi inateleza tu. Akaitia mafuta, akangoja, akajaribu tena, ikagoma. Akakaa kitako akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimpigie," akasema.

"Umpigie mtu ng'ambo kwa ajili ya skrubu?"

"Ni oveni yake."

Akaweka simu sakafuni, sauti wazi, akarudisha kichwa karibu na mlango wa oveni. Mdogo wangu akapokea haraka.

"Mke wangu! Kuna nini? Leo si Ijumaa."

"Hakuna baya. Nafungua oveni. Skrubu moja ya koili imegoma."

Akacheka kile kicheko chake ambacho tangu utotoni kimemwokoa na viboko. "Wewe! Haya, mama fundi. Sikiliza. Hapo nyuma panabana, mkono hauingii vizuri. Kwanza toa ile taa."

"Taa?"

"Taa ya ndani, juu kulia. Kifuniko chake cha kioo kizungushe kushoto kitoke, ndipo utapata nafasi. Hakina nguvu kile, kinalegea kila mara, maana wanapenda kuiwasha na kuizima waone keki ikiumuka, mimi nimekikaza mpaka nimechoka na..."

Akanyamaza. Hakuna aliyemkatiza. Alijisikia mwenyewe.

Wifi akatoa kichwa ndani ya oveni taratibu, asijigonge. "Oveni yetu haina taa," akasema.

"Ah. Kweli. Kweli, nimechanganya."

"Ni kina nani wanaopenda kuiwasha?"

Hakutaja mwanamke, hakutaja mtoto. Alisema wanapenda. Katika lugha yetu hiyo wa ndogo inatosha, ndani yake inaenea familia nzima na viatu vyao mlangoni. Na huyu ni mtu wa kambini, aliyekatazwa hata birika.

Akakohoa. "Mtandao wa huku..."

"Unasikika vizuri."

"Nitakupigia, mke wangu. Nitakupigia nikueleze."

"Haya," wifi akasema, na simu ikakatika.

Mimi nilitukana. Nilianzia kwake nikapanda kwa mama yake, kisha nikakumbuka mama yake ndiye mama yangu, ikabidi nirudi nyuma nianze upya. Nikadai simu nimpigie mimi nimwambie yanayomstahili. Hasira na aibu vilinipanda pamoja, maana damu ni damu, na pale jikoni damu yake ilikuwa mimi.

"Wifi," akasema, "mulika. Tochi yako inatazama dari."

Nikamulika. Akachukua koleo, akaikaba ile skrubu kichwani, akaisukuma kwa uzito wa bega lake lote. Ikalia, ikazunguka. Akaivuta koili mbele polepole, na nyuma yake zikachungulia waya mbili, kila moja imeshikilia ncha yake. Hapo ndipo nilipojua kazi ya vibanio. Alizichomoa waya moja moja na kila moja akaibana papo hapo, kwa sababu zikiponyoka zikarudi nyuma ya ukuta wa oveni, utaibomoa yote kuzitafuta. Vibanio viwili, chekundu na cha kijani, vikabaki vimening'inia mle ndani kama nguo zimesahauliwa kambani. Pumzi yake tu ndiyo niliyoisikia, alikuwa anaivuta kwa mdomo, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani.

Akaifunga koili ya zamani kwenye gazeti, tukatoka kwenda kutafuta mwenzake. Alikuwa ameikumbatia ile koili kifuani, na kila tulipopishana na mwanamume mrefu wa mabega mapana nilimwona anainua macho, kisha anayashusha. Ndiyo kwanza amesikia kwamba mume wake ana nyumba nyingine, na macho yake yalikuwa bado yanamtafuta njiani. Iliniuma kuliko ile simu.

Duka la vipuri ni uchochoro wenye mlango. Muuzaji akaigeuza koili, akamtazama wifi, akacheka. "Mama, hizi kazi za wababa. Mwite mzee aje aseme mwenyewe anataka ipi."

"Ziweke pamoja," wifi akamjibu. "Mikunjo ilingane, na matundu ya skrubu yalingane. Hivyo tu."

Akapekua maboksi hadi akaipata. Ile ya kwanza aliyoitoa ilikuwa fupi kidogo, wifi akaikataa kwa jicho, kabla haijafika kaunta. Akachukua na mpira mpya wa mlango, kwa sababu ule wa zamani umekakamaa na moto utavuja. Muuzaji alimfungia kila kitu kwa adabu, na mzee hakutajwa tena.

Kufunga kulikuwa rahisi kuliko kufungua. Waya zikatolewa vibanio, zikarudishwa kwenye ncha za koili mpya, zikasukumwa mpaka zikabana, skrubu mbili mpya zikaingia. Mpira wa mlango una vikulabu kwenye pembe, akavipachika kimoja kimoja kwa kidole gumba. Akairudisha oveni ukutani, akauchomeka waya wake, akaniambia nisimame mbali, akawasha swichi kuu, kisha akazungusha kitufe.

Moshi ukaanza kutoka. Nikapiga yowe, nikatafuta maji. "Tulia," akasema, "koili mpya lazima itoe moshi, ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Fungua dirisha." Nikafungua dirisha nikiwa na ndoo mkononi. Moshi ukapungua, na chini kabisa ya oveni, nyuma ya kioo, pakawa na mstari mwekundu.

Akakaa sakafuni. Nami nikakaa, magoti yangu yakalalamika. Aliusogeza mkono wake karibu na kioo bila kukigusa, kama anavyopima pasi.

"Pasi ngapi nimefungua mimi," akasema. "Skrubu yenye kutu si kitu cha kunipigisha simu. Nilimpigia ili anikataze. Nilitaka aseme, acha, usiguse, nakuja. Ningezirudisha sufuria zote humu, wifi. Ningengoja tena wala nisingechoka."

Aliyelia ni mimi. Nililia kwa kelele, nikajifuta kwa kanga yake. Kisha hofu niliyokuwa nayo tangu ile simu ikatoka yenyewe. "Na mimi sasa ni nani wako?"

"Nani kakwambia umefutwa?" Akainuka kukoroga unga. "Wewe ni wifi yangu. Pakaza bati siagi."

Nikapakaza. Keki ikaingia, mlango ukafungwa, na mpira mpya ukabana vizuri bila kuacha upenyo. Tukarudi sakafuni. Nilikuwa nimesahau kwamba tochi iko mkononi mwangu. Nikaiweka kwenye kioo, nikaona ule unga mweupe katikati umeanza kujikusanya na kunyanyuka.

"Inaumuka," nikasema. "Njoo uone, inaumuka."

Mimi na mdogo wangu tumefanana sauti. Watu wamekuwa wakitukosea kwenye simu maisha yetu yote. Wifi akafumba macho. Nikaendelea kumulika, na yeye akabaki vile vile amefumba, uso wake umeelekea kwenye joto.

Jumapili nyumba ikajaa. Binti alikuja na sare yake nyeupe, akasimama mbele ya oveni akaugusa mlango, akauliza, "Shangazi, fundi alikuwa nani?" Nikamwonyesha mama yake kwa kidevu. Akamkumbatia hadi kofia ikaanguka. Habari za baba yake tulikubaliana tutamwambia, lakini si siku hiyo. Keki ilikuwa ya kahawia pande zote, ikakatwa, ikapita mikononi mwa watu, ikasifiwa.

Muuza duka naye akapanda na kreti ya soda begani. Akapewa kipande, akakitafuna, akaanza salamu yake huku mdomo umejaa. "Mwenyewe karudi?"

"Hapana," wifi akasema.

Yule bwana akaacha kutafuna. Alikuwa ameshajitayarisha kucheka. Akatafuta neno jingine kwa shida. "Na... na oveni?"

"Imepona. Ongeza keki, jirani."

Wageni walipoondoka tukabaki jikoni wawili, mimi naosha, yeye anafuta. Masufuria yalikuwa yamepangwa juu ya meza, hatujui yatakaa wapi. Shati la bluu lilikuwa lingali pale kwenye mlango wa kabati. Kila alipopita na sahani wifi alilinyoosha kola, na kola ilikuwa imenyooka tangu wiki iliyopita. Alipolinyoosha tena nikashindwa kuvumilia, maana mimi mdomo wangu nao hauna kufuli.

"Wifi, hujaacha tu kumngoja?"

Alikuwa ameinama anafuta kioo cha oveni, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Bado," akasema.